Kabla Hujausoma Utabiri wa Msimu Mbele ya Wanakijiji

Kila utabiri wa msimu unapotoka na kushushwa wilayani, naona jambo lilelile. Afisa ugani kijana anasimama mbele ya mkutano wa kijiji akiwa na taarifa ya kurasa kadhaa mkononi, anaikunja, kisha anasema: "Ndugu zangu, mwaka huu mvua ni za kutosha." Taarifa haikusema hivyo. Nawapenda vijana hawa, kwa maana wanapanda bodaboda kwa fedha zao kufika vitongoji ambavyo sisi wa zamani tulivisimamia kwa simu, lakini hapo huwa natamani kumvuta mtu shati akae chini. Nachukulia kwamba wote mnajua tofauti ya utabiri wa saa 24, wa siku 10 na wa msimu, maana hilo nimechoka kulieleza.

1. Taarifa hutoa nafasi ya mvua za msimu kuwa chini ya wastani, wastani au juu ya wastani. Soma asilimia zote tatu, hata ile ndogo. Makundi ya chini ya wastani, wastani na juu ya wastani yanatokana na kumbukumbu za miaka 30, kwa sasa 1991 hadi 2020, zilizopangwa kuanzia mwaka wa mvua haba hadi mwaka wa mvua nyingi na kugawanywa kumi kumi. Asiyejua lolote kuhusu msimu ujao atalipatia kila kundi asilimia 33. Kwa hiyo asilimia 45 si ahadi; ni kuegemea upande mmoja tu.

Nilijifunza hilo kwa gharama ya watu wengine, katika wilaya moja ya kanda ya kati. Utabiri ulikuja na 45 chini ya wastani, 35 wastani na 20 juu ya wastani. Nilikuwa nimetoka kwenye semina, kichwa kimejaa ramani za joto la bahari, na nikaona kwamba kuwasomea wakulima tarakimu tatu ni kuwachanganya. Nikatangaza ukame. Nikawaambia waache mahindi kabisa, hata bondeni, wapande mtama na alizeti. Mama mmoja wa makamo akanyoosha mkono akauliza: "Mwanangu, na mvua ikija?" Nikamjibu, mbele ya mwenyekiti wa kijiji na kadamnasi yote: "Haiji, mama." Watu wakacheka, wakiwa upande wangu, nami nikafurahi.

Mvua ikaja, tena nyingi, na ikaendelea hadi Aprili. Wabishi wachache waliopanda mahindi bondeni walivuna hadi magunia yakawaishia. Mtama wa waliomsikiliza mtaalamu ulipoanza kukomaa, wakashuka kwelea kwelea. Nilimkuta mama yule amesimama juu ya kichuguu pembezoni mwa shamba lake, akigonga debe bovu kwa kijiti, na wajukuu wake wawili, ambao siku ile walipaswa kuwa darasani, wakirusha mawe kwa teo. Kila ndege walipoinuka upande mmoja walitua upande wa pili, na masuke ya katikati yalikwisha kuwa makapi matupu. Nilimwamkia. Akaitikia marahaba kwa upole, akaniagizia maji ya kunywa, kisha akasema: "Karibu, Bwana Ukame." Jina hilo lilinikaa katika tarafa nzima.

Wala utabiri ule haukukosea. Jambo lenye nafasi moja kati ya tano hutokea, na lilikuwa limeandikwa katika taarifa ileile. Mimi ndiye niliyelifuta kabla halijawafikia wenye mashamba. Kama ningeziacha tarakimu zote, mama yule angefanya alichokuwa tayari anakiwaza: mtama na alizeti mashamba ya juu yanayokauka upesi, mahindi ya muda mfupi bondeni ambako unyevu hubaki hata mwaka mbaya. Mwenye akiba ya chakula ghalani angeweza kubahatisha zaidi, asiye nayo angetawanya mbegu zake. Msimu uliofuata utabiri uliegemea tena ukavu, nikausoma neno kwa neno, na mkutano ulikuwa na viti vitupu. Safari hiyo mvua zilikatika mapema kweli, mahindi yakakauka yakiwa yanachanua, na sikuwa na uso wa kumlaumu mtu.

Siku hizi nabeba maharage kumi ya rangi tatu. Nayagawa kwa kadiri ya asilimia, nayatia kwenye kofia, naita wakulima wachomoe bila kuangalia. Fanyeni hivyo.

2. Usiuamini kila msimu kwa kiwango kimoja. Mvua za vuli zinatabirika vizuri kuliko za masika, kwa sababu hufuata kwa karibu hali ya bahari: maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yanapokuwa na joto kuliko ya upande wa Indonesia, kama ilivyokuwa mwaka 2019, vuli hufurika. Masika ina mambo mengi yanayoivuruga katikati ya safari, vikiwemo vimbunga vya kusini. Na tafadhali, msiite kila mafuriko El Niño, ambayo ni joto la Bahari ya Pasifiki, kwa sababu tu ya kumbukumbu za mafuriko ya 1997.

3. Jumla ya mvua si mtawanyiko wake. Msimu wa juu ya wastani unaweza kumwaga maji yake ndani ya wiki tatu na kuacha vipindi virefu vya ukavu, kwa hiyo tafuta pia tarehe za kuanza na kuisha. Mvua ya kwanza isiyofikia hata milimita 20 ndani ya siku chache haitoshi kumwambia mtu atie mbegu ardhini, ajapokuwa jirani yake ameshatia.

4. Angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa ni ngazi tofauti za onyo la hali mbaya ya hewa, na kila moja ina kazi yake kwa kamati ya maafa. Kimbunga Hidaya kilipofika karibu na Mafia Mei 2024 kilikuwa kimetangazwa kabla, na bado mvua zake zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara. Dawa, mahema na mafuta ya jenereta hupelekwa wakati lori bado linapita.

5. Tunzeni kipima mvua. Kiwekwe mbali na miti na mapaa, kisomwe saa 3 asubuhi kila siku, na siku isiyo na mvua iandikwe 0.0, kwa kuwa nafasi tupu inamaanisha hakuna aliyesoma. Niliwahi kupokea daftari la kijiji kimoja, limeandikwa kwa mwandiko mzuri sana, ambalo mvua zake kubwa zote zilinyesha Jumatatu. Msomaji alikuwa hafanyi kazi mwisho wa wiki. Kama hamna mtu wa Jumamosi na Jumapili, andikeni wazi kwamba kipimo cha Jumatatu ni cha siku tatu, ili atakayekitumia asidhani kijiji kilikumbwa na gharika.