Kumtenga mhusika bila tusi
Umeuliza namna ya kuandika tukio ambamo kijiji kizima kinamtenga mhusika wako pasipo yeyote kumtukana. Ningekushauri uanzie Ireland mwaka 1880, ambako Kapteni Charles Boycott, wakala wa mwenye ardhi katika jimbo la Mayo, alisuswa kwa ajili ya kodi za mashamba na kufukuzwa kwa wapangaji: vibarua waliacha mavuno yake shambani, na wenye maduka wakakataa kumuuzia. Kura ya Athens ya kale, iliyomwondoa mtu mjini kwa miaka 10, haitakufaa sana, kwani ilikuwa ya kisheria mno. Mwoneshe mhusika wako amesimama dukani, sarafu mkononi, huku muuzaji akiendelea kupanga bidhaa kana kwamba hakuna aliyeingia.