Ooty kwenda na kurudi siku moja kutoka Bangalore? Dada, usimpandishe mama hilo gari

Futa hiyo ratiba leo, kabla hujatoa hata rupia moja ya kishika nafasi.

Umesema mama anaendelea vizuri baada ya upasuaji wa nyonga, Jumamosi mko huru, ndege yenu inaondoka Bangalore Jumapili alfajiri, na kuna jamaa jirani na hospitali amekuahidi kuwapeleka Ooty, ule mji wa milimani kusini mwa India, jimbo la Tamil Nadu, na kuwarudisha siku hiyo hiyo. Unauliza mkaone nini, mle wapi, mvae nini na jumla itakuwa shilingi ngapi. Nimesoma nikashika kichwa. Ratiba hiyo ndiyo niliyouziwa mimi na dalali mmoja Novemba mwaka jana, nikiwa na mzee wangu aliyekuwa ametoka kubadilishwa goti. Ndege tuliikosa.

Sikiliza. Ooty iko mbali, karibu kilomita 270 kwa njia fupi, lakini kilomita si tatizo. Tatizo ni geti. Kutoka Bangalore mpaka Mysore ni barabara mpya ya kasi, mnateleza tu, unajiona umeshafika. Mkipita Gundlupet mnaingia msituni: upande wa jimbo la Karnataka ni hifadhi ya Bandipur, mkivuka mpaka wa Tamil Nadu inakuwa Mudumalai. Ni msitu wa tembo na chui milia, na barabara inapita katikati yake. Hiyo barabara inafungwa saa 3 usiku na kufunguliwa saa 12 asubuhi, kila siku ya Mungu, tangu 2009, kwa sababu magari ya usiku yalikuwa yanagonga wanyama. Hakuna cha "naomba bosi, nina ndege". Labda uwe ndani ya gari la wagonjwa.

Mimi hilo sikulijua. Dalali alilijua.

Tulitoka saa 11 alfajiri. Huko juu kwenye kizuizi tukasimamishwa kwa sababu gari halikuwa na kibali. Tangu Mei 2024 mahakama kuu ya Madras imeagiza kila gari la kutoka nje linalopanda Ooty liwe na kibali cha mtandaoni, wao wanakiita e-pass, na dereva wetu alikuwa hajakiomba. Akaanza kukihangaikia palepale kwenye simu, mtandao unakuja na kupotea. Mjini tukaingia saa 7 mchana. Jumamosi. Magari yamebanana kuanzia pale makutano ya Charing Cross, mzee amekunja goti saa nane nzima. Tukaona bustani ya mimea, tukaliona ziwa kwa dirishani, ikaisha. Safari ya siku nzima, Ooty yenyewe tumeishika kwa saa tano, na nusu yake ni foleni.

Sasa sikia kilichoniuma. Tunaondoka saa 12 jioni, na mimi nahesabu kwa kilomita: tutafika Bangalore usiku wa manane, tunachukua mabegi, tunaenda uwanjani, ndege saa 10 na dakika 20 alfajiri. Njiani dereva akakunja kwenye duka la majani ya chai. "Dakika tano tu." Tulikaa dakika 40. Wanakupitisha kwenye chai, chokoleti, mafuta ya mkaratusi, na dereva kakaa pembeni anasubiri kamisheni yake. Tukirudi barabarani ukungu umeshuka, na ile njia ya kuteremkia Gudalur, mji wa mwisho kabla ya msitu, ina kona kuliko Mombo kwenda Lushoto. Unaona taa za lori la mbele tu, basi.

Tukafika kwenye kizuizi cha msituni saa 3 na dakika 20. Nakumbuka kila kitu. Bomba la chuma lililopakwa rangi nyekundu na nyeupe limelala barabarani, kufuli limening'inia. Malori yamepangana, madereva wameshatandika vitambaa vyao chini, mmoja anachemsha chai kwenye jiko dogo. Askari wa msitu amevaa kofia ya sufu, akatumulika na tochi, akaangalia saa yake, akatikisa kichwa. Nikamwonyesha tiketi ya ndege kwenye simu. Akaisoma yote, kwa utaratibu kabisa, akanirudishia simu. "Saa 12 asubuhi."

Dakika 20, dada. Nusu ya muda tuliopoteza kwenye duka la chai.

Unaweza kuniuliza, si mngezunguka? Njia ipo, unarudi juu Ooty, unashuka Coonoor, Coimbatore, Salem, ndipo Bangalore. Ni zaidi ya kilomita 450 na ndege ingetuacha vilevile. Si mngelala Gudalur? Tulirudi tukajaribu nyumba tatu za wageni. India mgeni wa nje lazima aandikishwe na pasi yake, na nyumba nyingi ndogo hazitaki hiyo kazi kabisa. Na pasi zetu zilikuwa Bangalore ndani ya mabegi, kwa sababu dalali alisema "mnarudi leo hii, za nini?" Basi tukarudi kwenye foleni ya malori, tukalala ndani ya gari. Baridi ile si mchezo. Nilimfunga mzee goti kwa kikoi changu, mguu wake nikaupakata mapajani ili aunyooshe. Hakulalamika hata mara moja, na ndiyo iliyoniumiza zaidi. Asubuhi goti limevimba, tukarudi kwa daktari badala ya uwanjani. Tiketi mbili mpya, siku nne zaidi za malazi, kumwona daktari: karibu milioni 4 za Kitanzania.

Na yule dalali? Nilimpigia asubuhi ile. Akasema, kwa sauti ya kutulia, "Bwana, hilo geti kila mtu analijua." Kila mtu! Kwa nini basi hukunitajia wakati unahesabu pesa yangu? Unakaa mlangoni kwa hospitali, unajua watu tunaokuja pale ni wagonjwa na wauguzaji wao, wageni wa nchi, tumechoka, tunataka angalau mama au baba aone kitu kizuri kabla ya kurudi nyumbani. Unaifanyia biashara hamu hiyo. Sitaki huyo wako akufanyie hivyo.

Kanuni yangu ni moja: Ooty ni ya kulala. Usiku mmoja ni haba, mbili ndiyo sawa, na siku ya kurudi saa 9 alasiri muwe mmeshaondoka mjini. Na kati ya Ooty na ndege iwepo siku nzima tupu.

Mkiweza kusogeza tiketi, nendeni kwa raha, maana pazuri kweli. Mpelekeni mama kwenye treni ya mlimani, ile iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2005. Ile ndefu inatoka Mettupalayam saa 1 na dakika 10 asubuhi na kufika Ooty adhuhuri, kilomita 46 tu, na hadi Coonoor injini ya mvuke iko nyuma inasukuma, inang'ata reli ya meno ili isiteleze. Lakini kwa nyonga mpya msiende hiyo, viti vimebana. Pandeni kipande cha Coonoor hadi Ooty, ni kifupi na chai imetanda kilima hadi kilima. Bustani ya mimea ni ya 1848, ina shina la mti lililogeuka jiwe, wanasema lina miaka milioni 20. Kilele cha Doddabetta, mita 2,637, nendeni asubuhi kabla ukungu haujaziba. Na kama mtaona shali nyeupe za Watoda, kabila la wenyeji wa milima hiyo, zenye nakshi nyekundu na nyeusi, mnunulieni mama moja, ni kazi ya mkono hasa. Sweta beba.

Tiketi ikishindikana, Jumamosi mpelekeni Nandi Hills. Kilomita 60 hivi kutoka mjini, mita 1,478, ngome ya Tipu Sultan iko juu, kuna upepo na mawingu chini yenu, na iko upande huo huo wa uwanja wa ndege. Asubuhi mmeenda, mchana mama amelala kitandani.

Ila daktari aulizwe kwanza kuhusu kukaa garini muda mrefu, hata kwa Nandi.

Na huyo jamaa mpigie sasa hivi, usingoje kesho. Muulize swali moja tu: geti la Bandipur linafungwa saa ngapi? Akijibu "hakuna shida, dada" bila kutaja saa, kata simu. Halafu rudi hapa uniambie amesemaje.