Chembe si seli

Msomaji wetu wa Morogoro ananukuu sentensi aliyoisoma: "Chembechembe za sumaku huingizwa katika chembechembe za saratani, kisha hupata joto na kufa." Anauliza kama Kiswahili hicho ni sahihi.

Upatanisho wake hauna kasoro, na hilo ndilo linaloniudhi, kwa kuwa sarufi safi imebebeshwa uwongo. Ni nini kinachokufa hapo? Kiima cha sentensi ni chembechembe za sumaku, ambazo kwa kawaida ni oksidi ya chuma yenye upana wa makumi machache ya nanomita, na nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita. Oksidi ya chuma haifi. Katika tiba hii, uga wa sumaku unaogeuka mwelekeo hata mara 100,000 kwa sekunde huzifanya chembe hizo zitoe joto, na joto hilo ndilo linaloua seli za uvimbe zilizo karibu nazo. Chenye kuua na chenye kuuawa vimepewa jina moja, halafu msomaji anaachiwa kazi ya kuvitenganisha.

Nimekwisha kulipigia kelele sana neno hili "chembechembe", ambalo waandishi wetu hulipachika kwenye vumbi, protoni, vimelea na seli bila kubagua. Chembe ni punje: chembe ya ngano, chembe ya mchanga, hata chembe ya huruma. Uradidi, yaani kulirudia neno kama katika "chembechembe", huongeza wingi na udogo wa punje hizo, hauzipi uhai.

Madhara yake huonekana zaidi pale ambapo seli haziuawi. Mwaka 2015 watafiti wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, walieleza jinsi walivyodunga chembe za sumaku katika ubongo wa panya, mahali ambapo seli za neva zilikuwa zimepewa jeni ya TRPV1, protini inayohisi joto na ukali wa pilipili. Uga wa sumaku ulipowashwa, chembe zilipata joto, milango ya protini hiyo ikafunguka, na seli zikaamka. Hebu iandike habari hiyo kwa "chembechembe" peke yake: chembechembe zilipashwa joto, chembechembe zikaamka. Mgonjwa anayetaka kujua kama tiba ya namna hii itaua seli zake au itaziamsha hapati jibu lolote hapo.

Wapo wanaolikataa "seli" kwa kuwa limetokana na Kiingereza, nacho kimelichukua kutoka Kilatini, kwa maana ya chumba kidogo. Hoja hiyo imechelewa. Neno limekwisha kuota mizizi na hata kuzaa: hospitali za Tanzania zinasema "selimundu", ugonjwa wa damu unaozipa seli umbo la mundu, na kila mzazi mwenye mtoto anayeugua ugonjwa huo analielewa. "Chembechembe nyeupe za damu" nimezivumilia, maana zimezoeleka kliniki na shuleni, na hakuna anayezidhania kuwa vumbi. Lakini zinapokutana na chembe za chuma katika aya moja, uvumilivu wangu unakoma, nazo ziitwe seli nyeupe.

Sentensi ya msomaji wetu basi iandikwe hivi: "Chembe za sumaku huingizwa katika uvimbe wa saratani, hupashwa joto kwa uga wa sumaku, na joto hilo huua seli za uvimbe."