Kwa nini Yi Sun-sin alirudi kazini

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini Yi Sun-sin, yule amiri wa majini wa Korea ninayemtaja mara kwa mara, alikubali kumtumikia tena mfalme aliyemtia gerezani. Wewe, umesema, usingekubali. Baada ya yaliyokupata kazini, naelewa swali hili limetoka wapi.

Kuonewa hakukuwa kugeni kwake. Mwaka 1587, akilinda mpaka wa kaskazini, alivuliwa cheo akawa askari wa kawaida. Akapanda tena, na Wajapani walipovamia mwaka 1592 akawapiga baharini mapigano baada ya mapigano.

Mwaka 1597 aliamriwa akawavizie adui kwa habari za jasusi. Alishuku mtego, hakwenda. Akakamatwa, akateswa, akashushwa cheo mara ya pili. Mama yake alifariki safarini akija kumwona, naye hakuachwa hata akae matanga. Hilo huniuma kuliko gereza lenyewe.

Aliyeshika nafasi yake, Won Gyun, akapoteza karibu meli zote huko Chilcheollyang. Ndipo mfalme alipomrudisha Yi. Serikali ya mfalme ilipotaka kulivunja jeshi la majini, Yi alijibu kwamba bado ana meli 12. Akapata ya 13, akawangoja adui kwenye mlangobahari wa Myeongnyang. Ilikuwa tarehe 16 kwa kalenda ya mwezi, maji ya bamvua. Wewe umekulia pwani, unajua maji hayo yanavyokwenda. Meli za kivita 133 zikamjia, lakini njia ilikuwa nyembamba, hazikuweza kumzunguka. Mwanzoni meli yake ilipigana peke yake, wenzake wakisitasita nyuma. Adui alirudishwa.

Mimi siamini alirudi kwa ajili ya mfalme. Soma shajara yake ya vita: mama yake, upepo, mabaharia wagonjwa, chakula cha askari, na wakimbizi waliomlilia njiani alipokuwa akienda kushika tena ukamanda. Hao ndio aliorudi kwao. Mwishoni mwa 1598 alipigwa risasi Noryang, katika pigano kubwa la mwisho la vita hivyo.

Kwa hiyo, kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, usimfikirie bosi. Wafikirie wale vijana wa zamu yako unaowafundisha. Ukiona bado huwezi kuwaacha, kaa. Ukiona unaweza, ondoka, nami sitakulaumu. Mama yako anakusalimu. Anataka uje Ijumaa.

Baba yako