Unapohakiki utabiri wa mvua, zingatia mpangilio wa makundi

Wewe uliyeanza karibuni kuhakiki utabiri wa mvua za vuli na masika, ninakuomba kwanza uzingatie kwamba makundi yetu matatu, yaani chini ya wastani, wastani na juu ya wastani, yamepangwa kwa ngazi, na kipimo kisichojali ngazi hizo kitakupotosha. Mvua ikizidi wastani, aliyetegemea wastani amekosea ngazi moja, ilhali aliyetabiri upungufu amekosea mbili, na mkulima aliyepanda mtama badala ya mpunga anaijua tofauti hiyo.

Tuseme mtabiri wa kwanza aliyapa makundi hayo, kuanzia la chini, asilimia 10, 50 na 40, wa pili akatoa 50, 10 na 40, kisha mvua ikawa juu ya wastani. Alama ya Brier, iliyobuniwa mwaka 1950, ambayo hujumlisha miraba ya tofauti kati ya uwezekano uliotabiriwa na kilichotokea katika kila kundi, inawapa wote 0.62. Kipimo alichopendekeza mtaalamu wa hali ya hewa Edward Epstein mwaka 1969 hulimbikiza kwanza uwezekano kuanzia kundi la chini: wa kwanza ana 0.1 kisha 0.6, wa pili ana 0.5 kisha 0.6. Kwa kuwa mvua ilivuka mipaka yote miwili, thamani iliyotakiwa kila mpakani ni sifuri. Zidisha kila tofauti kwa yenyewe, jumlisha, nawe utapata 0.37 na 0.61. Alama ndogo ndiyo bora. Mtu anayegawa theluthi kwa kila kundi angepata 0.56, kwa hiyo wa kwanza amemshinda na wa pili ameshindwa naye.

Kosa lililonigharimu zaidi lilikuwa kugawanya alama ya modeli yetu ya utabiri kwa alama ya utabiri huo wa theluthi katika kila msimu, kisha kutafuta wastani wa hizo nisbati. Mvua ikiangukia kundi la kati, theluthi hupata 0.22 tu, kigawanyo kinakuwa kidogo, na msimu mmoja wa kawaida unafunika kazi njema ya miaka. Nusura tuachane na modeli iliyokuwa ikitusaidia. Jumlisha alama za misimu yote kwanza, ndipo ugawanye jumla ya modeli kwa jumla ya theluthi.

Hakikisha pia kwamba mipaka ya theluthi unayotumia, yaani viwango vya mvua vinavyotenganisha makundi hayo matatu, inatokana na kipindi kilekile alichotumia mtabiri, kwa mfano 1991 hadi 2020, na uhifadhi asilimia kama zilivyotangazwa kabla ya msimu, bila kuzikadiria upya kutoka kwenye rangi za ramani.