Kuomba taarifa kwa ofisi nyingine ya Serikali

Ndugu uliyeuliza kutoka Masasi kwa nini ofisi jirani inakunyima orodha ya wakulima wa korosho, ilhali nyote ni watumishi wa Serikali moja, naomba usianze kwa kulaumu mifumo ya kompyuta. Mara nyingi kizuizi ni hofu: mkuu wa ofisi haoni kinachomlinda taarifa zikivuja, hasa baada ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hivyo kunyamaza humwonekea salama kuliko kusaidia. Andika barua rasmi kupitia mkurugenzi wako, ukitaja madhumuni, taarifa mnazohitaji tu na nani atazitunza. Majina yasiyolingana kati ya orodha yao na yenu yatawasumbua, lakini hayo hurekebishika; kuaminiana, ambako ndiko kugumu zaidi, huanza mkiwarudishia orodha iliyosahihishwa.