Ufunguo wa gari ukianza kugoma kwenye swichi, usikimbilie kuuchongesha mwingine

SWALI: Fundi, habari za kazi. Ufunguo wa gari yangu unaingia vizuri kwenye swichi ila kugeuka mpaka niutingishe weee, na usukani nauachia kama kawaida haujakaza. Nimechongesha mwingine mpya, huo ndo haugeuki kabisa. Fundi mmoja anasema atoe vibati vya ndani ya silinda ya swichi, ile ufunguo unapoingia, mwingine anataka kuniwekea batani ya kuwashia. Silinda mpya nimeambiwa lazima ninunue pamoja na kompyuta ya gari. Nifanyeje isinimalize mfukoni?

JIBU: Huo ufunguo mpya ulichongwa kwa kufuatisha ule wa zamani, si ndio? Nimejua tu, maana hii kesi naipata kila mara. Mtu anachukua ufunguo uliolika anaupeleka kwenye mashine, mashine inafuata meno kama yalivyo, anarudi na ufunguo unaong'aa ila umelika vilevile. Mashine haijui meno yalikuwaje gari ilipotoka kiwandani, yenyewe inaiga tu, na kwenye kuiga inaongeza kosa lake dogo. Ule wa zamani angalau umezeeka pamoja na silinda yake, wameshazoeana, huyu mgeni hajuani na mtu humo ndani.

Ndani ya silinda kuna vibati vyembamba vya shaba, kila kimoja na springi yake. Ufunguo sahihi unavilaza vyote sawa na ukingo wa silinda, kimoja tu kikitokeza basi haigeuki. Sasa kwenye gari nyingi tofauti ya saizi moja ya jino na inayofuata ni kama nusu milimita hivi, jino likilika nusu ya hapo ushakuwa katikati ya saizi mbili, ndo maana unatingisha unatingisha mpaka kibati kikubali kwa bahati.

Kwa hiyo kwako cha kwanza kushukiwa ni ufunguo, silinda baadaye. Kama kuna ule wa akiba uliokaa kabatini miaka yote, ujaribu leo, ukigeuka laini umeshapata jibu na hujatoa hela. Kama haupo, chongesha kwa namba ya ufunguo. Namba huwa kwenye kile kibati kidogo kilichokuja na funguo gari ikiwa mpya, gari nyingine imegongwa kwenye kitasa cha mlango, au wakala wa kampuni iliyotengeneza gari anaitafuta kwa namba ya chasisi ukimpelekea karatasi za umiliki. Umekosa kote? Mwambie fundi funguo afungue kitasa cha mlango wa abiria au cha buti. Hivo vitasa karibu hakuna anayevigusa, vibati vyake bado vizima na kwa kawaida vimegongwa namba za saizi, anazisoma anachonga meno ya kiwandani. Tatizo moja tu, kwenye baadhi ya gari kitasa cha mlango kina vibati vichache kuliko swichi, kwa hiyo jino moja au mawili atayatafuta kwa kujaribu. Fundi anayejua kazi hilo halimshindi.

Ufunguo wa namba nao ukigoma ndo tuseme silinda imekwisha. Hapo nunua silinda peke yake, usinunue seti nzima, fundi apange vibati vifuate meno ya ufunguo wako, uendelee na ufunguo mmoja wa swichi na milango. Habari ya kompyuta ni uongo, au niseme kwa adabu, ni mtu anataka kukuuzia kompyuta. Immobilaiza, yaani mtambo unaozuia gari kuwaka bila chipu yake, inasoma chipu iliyo kwenye kichwa cha ufunguo kupitia ile ringi inayozunguka mdomo wa swichi. Silinda haiijui kabisa. Ringi unaivua unairudisha, chipu ni ileile, gari inawaka. Anayehitaji kuprogramu ni aliyepoteza chipu, au anayetaka kuongeza ufunguo wenye chipu mpya.

Ila usisubiri. Silinda nyingi zinatoka ufunguo ukiwa umegeuzwa hatua ya kwanza halafu unabonyeza kipini cha pembeni, ni kazi ya muda mfupi tu. Siku ikikataa kugeuka moja kwa moja, ni kuitoboa kwa drili, na bei inabadilika.

Sasa hao wa kutoa vibati. Hapa huwa napandisha sauti. Mtu anapiga tupa vibati au anavitoa nusu, ufunguo unageuka laini kama siagi, mteja anafurahi analipa. Alichonunua ni swichi inayogeuka hata kwa bisibisi. Kama gari haina immobilaiza (Ulaya gari ndogo mpya zimelazimishwa kuwa nayo tangu 1998, kwingine zipo nyingi ambazo hazina) mwizi umeshamrahisishia. Wa batani naye mara nyingi anakata au anafunga kwa waya kile chuma kinachofunga usukani, na siku chuma kikijiachia uko kwenye kona sijui utamlaumu nani. Wa kumwaga oili na greisi ndani ya tundu nisimsahau, inateleza wiki moja halafu vumbi linaganda humo kama uji. Unga wa grafaiti, ule mweusi mkavu kama wa penseli, kidogo unatosha.

Na watu wanadhani ubaya wa swichi mbovu ni gari kukataa kuwaka tu. Kuwaka ni kitu kidogo, iko inayozima yenyewe ukiwa mwendo. Mwaka 2014 General Motors, kampuni ya magari ya Marekani, waliita gari zao kwa mamilioni zirudishwe kurekebishwa kwa sababu swichi ilikuwa inateleza yenyewe kutoka ON, injini inazima, usukani unakuwa mzito, eabegi hazifunguki, na mfuko wa fidia ulikuja kukubali vifo 124. Kile kilikuwa kipande cha umeme kilichoko nyuma ya silinda, tena kasoro ya kiwandani. Sasa we jiulize swichi iliyopigwa tupa itashika vipi. Ukienda kununua gari ya mkononi, iwashe ikiwa imesimama, handibreki juu, halafu jaribu kuchomoa ufunguo bila kuugeuza. Ukitoka mkononi na injini inaendelea kunguruma, humo ndani vibati vimeisha au kuna mtu alishapita na tupa, mwambie muuzaji apunguze kwenye bei hela ya silinda nzima.